UZI: Mekanika ya mwaka wa kwanza uhandisi. Chora kani kwanza, fomula baadaye

Kapi_na_Roda (Tudor):
Salaam aleikum wadau. Muhula umeanza na maswali ya mekanika yameanza kumiminika, kila mtu kafungua uzi wake. Tuyaweke hapa pamoja. Sharti ni moja: ukileta swali, lete na mchoro, hata kama umechorwa nyuma ya risiti.

Naanza na mkokoteni. Umebeba mitungi 12 ya maji ya lita 20, yaani kilo 240. Mkokoteni wenyewe ni kilo 60, jumla kilo 300. Barabara ina mwinamo wa digrii 6. Ukinzani wa magurudumu tuuchukulie asilimia 2 ya nomali (kani ambayo barabara inausukuma mkokoteni ili usizame). Hamali asukume kwa kani gani ili upande kwa mwendo usiobadilika?

Mwenye haraka ataandika F = ma (kani ni masi mara mchapuko, yaani kasi ya kubadilika kwa mwendo) kisha akwame, maana a ni sifuri na hajui hiyo F ni ipi. F ni jumla ya kani zote zinazofanya kazi juu ya kitu kimoja. Basi kwanza amua kitu ni kipi. Hapa ni mkokoteni pamoja na mitungi. Hamali hayumo, barabara haimo. Kizungushie mstari, halafu kila kinachougusa mkokoteni kutoka nje ya mstari kipe mishale yake. Barabara ina miwili: nomali, inayosimama wima juu ya uso wa barabara (si wima juu ya dunia), na msuguano unaofuata barabara kurudi chini. Mikono ya hamali ina mmoja, kufuata barabara kwenda juu. Kisichougusa mkokoteni ila bado kinauvuta ni dunia peke yake, nao ni uzito, chini wima. Mishale minne. Ukijikuta na wa tano, mtafute anayeusukuma. Ukimkosa, ufute.

Hesabu sasa ni fupi. Uzito: 300 × 9.78 = 2,934 N (9.78 ni g, mchapuko wa mvutano wa dunia; nimeiandika kwa makusudi, tutaifikia). Sehemu ya uzito inayovuta kuteremka: 2,934 × sin 6° = 307 N. Sehemu inayogandamiza barabara: 2,934 × cos 6° = 2,918 N, na nomali inalingana nayo. Ukinzani: 0.02 × 2,918 = 58 N. Kupanda: 307 + 58 = 365 N. Kuteremka kwa mwendo usiobadilika, hamali anazuia kwa 307 − 58, karibu 250 N. Msuguano umegeuka upande kwa sababu mwendo umegeuka. Nomali na uzito havikujali.

BintiKisauni:
Mwalimu, sin na cos mtu ajuaje ipi iende wapi bila kukariri? Vitabu vingine pembe inapimwa toka ulalo, vingine toka wima.

Kapi_na_Roda:
Dadangu, usikariri, jaribu. Ifanye pembe iwe sifuri, barabara ilale. Mkokoteni kwenye barabara iliyolala hauteremki wenyewe, kwa hivyo sehemu ya kuteremka lazima iwe sifuri. sin 0 ni sifuri, cos 0 ni moja. Basi hapa sin ndiyo ya kuteremka. Pembe ikipimwa toka wima zitabadilishana, na jaribio lile lile litakuonyesha. Mwenye kujibu 2,918 N amesema hamali mmoja anasukuma kana kwamba ameunyanyua mkokoteni mzima na mitungi yake. Jibu kama hilo halihitaji mwalimu wa kulikataa.

Nyuzi360:
Na kalkuleta! Kabla ya kufungua karatasi andika sin 30. Ikija 0.5 endelea. Ikija −0.988 iko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kwenye swali hili la digrii 6 radiani zitakupa −0.279. Utadhani ni ishara tu imekukosea, utaifuta ile hasi, utaondoka na 820 N na moyo mkunjufu.

Mtu_wa_Makupa:
Mimi sioni haja ya michoro yote hii. Msuguano = μN (μ kizigeu cha msuguano, N nomali), uzito = mg, weka namba, maliza. Mtihani una saa zake.

FundiKizingo:
Haya shekhe, nifanyie hili bila mchoro. Sanduku la kilo 80 liko kwenye sakafu ya ghala. μ ya kusimama 0.5, ya kuteleza 0.4. Kuli analisukuma kwa kani ya ulalo ya 200 N. Msuguano ni ngapi?

Mtu_wa_Makupa:
0.5 × 80 × 9.78 = 391 N.

FundiKizingo:
Basi sanduku limemgeukia kuli. 200 mbele, 391 nyuma, zimebaki 191 N za kurudi nyuma. Gawa kwa 80: linamkimbilia kwa mchapuko wa 2.4 m/s². Ghala hilo sitaki kufanya kazi.

Msuguano wa kitu kilichosimama hauna kiasi chake maalumu. Unakuwa kiasi kile kile kinachotakiwa kukizuia kisiteleze, mpaka ufike kikomo. Hiyo 391 ni kikomo. Ukisukuma 200, msuguano ni 200. Ukisukuma 350, ni 350. Ukipita 391 sanduku linachomoka, na papo hapo msuguano unashuka hadi 0.4 × 782 = 313 N. Ukiendelea kusukuma kwa 391 una ziada ya 78 N, mchapuko karibu 1 m/s². Ndio maana kitu kizito hukaza, hukaza, kisha kikikubali humponyoka mtu.

Utaratibu: chukulia kimesimama, tafuta msuguano unaohitajika kukisimamisha, linganisha na μN ya kusimama. Haujafika? Jibu ni ule unaohitajika, umemaliza. Umepita? Hapo sasa andika μN ya kuteleza na uanze kutafuta mchapuko.

Na hapo tumezungumzia kusukuma kwa ulalo tu. Weka pembe uone. Sanduku lile lile, linateleza kwa mwendo usiobadilika. Mmoja analivuta kwa kamba iliyoinuka digrii 30, mwingine analisukuma kwa mikono iliyoinama digrii 30 kwenda chini. Kamba inalinyanyua kidogo, kwa hivyo N = 782 − P sin 30°. Mikono inaligandamiza, N = 782 + P sin 30°. Mvutaji: P cos 30° = 0.4(782 − 0.5P), P = 294 N. Msukumaji: P cos 30° = 0.4(782 + 0.5P), P = 470 N. Anayeandika N = mg kwa mazoea anapata 361 N kwa wote wawili, na amekosa kwa wote wawili.

Mtu_wa_Makupa:
Sawa, hapo nimekuelewa. Kwa hivyo kadiri pembe ya kuvuta inavyozidi ndivyo kazi inavyopungua?

FundiKizingo:
La. Ukizidisha, kamba inanyanyua zaidi ya inavyovuta. Pembe bora ni ile ambayo tan yake ni μ. Kwa 0.4 ni digrii 21.8, na kani inakuwa 291 N. Tofauti na digrii 30 ni 3 N tu, kwa hivyo usimsumbue mtu na protrakta. Kwenye kusukuma pembe ina ubaya wa kweli: ikifika ambapo tan ni 1/μ, hapa digrii 68.2, sanduku halisogei hata msukumaji awe tingatinga. Kila newtoni anayoongeza inaongeza msuguano kwa kiasi kile kile inachosukuma mbele. Na hiyo ni μ ya kuteleza. Kwa μ ya kusimama linakwama mapema zaidi, digrii 63.4.

BintiKisauni:
Nina swali la kapi. Kitu cha kilo 6 kiko juu ya meza, kamba inapita kwenye kapi ukingoni, na kilo 4 zinaning'inia. μ ya kuteleza 0.25, ya kusimama 0.3. Mchoro nimechora miwili, kila kitu na wake. Tensheni (mvuto wa kamba) upande wa kinachoning'inia nimeweka 4 × 9.78 = 39.1 N kwa sababu ndicho kinachovuta. Jibu la kitabu ni tofauti.

Kapi_na_Roda:
Michoro miwili ni sahihi kabisa. Sasa utazame ule wa kilo 4. Umeweka 39.1 chini na 39.1 juu. Jumla ni sifuri, kwa hivyo hakiharakishi. Na hapa kinaanguka, utaona sasa hivi. Tensheni ni kisichojulikana, iachie herufi T mpaka milingano miwili ikupe thamani yake.

Kwanza, je, vinasogea? Kikomo cha msuguano wa kusimama ni 0.3 × 6 × 9.78 = 17.6 N. Kinachovuta, vikiwa vimesimama, ni 39.1. Vinasogea. Kinachoning'inia: 39.12 − T = 4a. Cha mezani: T − 14.67 = 6a. Jumlisha, T inatoweka: 24.45 = 10a, a = 2.445 m/s². Rudisha: T = 39.12 − 9.78 = 29.34 N. Hakiki kwa kile cha mezani: 29.34 − 14.67 = 14.67, na 6 × 2.445 = 14.67. Zimekutana.

T lazima iwe kati ya sifuri (kamba imekatika) na 39.12 (vimesimama). Ikitoka nje ya hapo umekosea ishara mahali. Chagua mwelekeo chanya kwa kufuata kamba: kulia kwa cha mezani, chini kwa kinachoning'inia. Wanaong'ang'ania kwamba juu ni chanya kwa vitu vyote hupata a mbili zenye ishara tofauti na kusahau kuziunganisha.

Mwanamaji_wa_Shimanzi:
Kwa vile mko kwenye kapi. Mzigo wa kilo 200, kapi mbili zenye roda (magurudumu ya kamba) mbili mbili, kamba nne zinashika kapi ya chini, na mkia wa kamba unashukia kwa mvutaji kutoka kapi ya juu. Uzito 1,956 N, kila kamba 489 N, kwa hivyo mvutaji avute 489. Mzigo upande mita 1, avute kamba mita 4. Hiyo ya kitabuni.

Ya kazini ni hivi. Kila roda inakula sehemu yake. Tuseme asilimia 5. Mvutaji akivuta T, baada ya roda ya kwanza imebaki 0.95T, ya pili 0.9025T, ya tatu 0.857T, ya nne 0.815T. Jumla ya kamba nne ni 3.52T, si 4T. T = 1,956 ÷ 3.52 = 555 N. Na huyo anainua tu. Kuushikilia mzigo usishuke ni kidogo kuliko 489, maana msuguano sasa uko upande wake.

Kinachowapita wengi ni ndoano ya juu. Hesabu kamba zinazoshuka kutoka kapi ya juu: ni tano, nne za mzigo na moja ya mvutaji. Hata bila msuguano ndoano inabeba 1,956 + 489 = 2,445 N, mbali na uzito wa kapi zenyewe. Anayechagua ndoano kwa kuangalia mzigo peke yake ameipunguza kwa robo ya mzigo. Na ukiletewa shehena ya "tani mbili" izidishe kwa g kwanza, ni karibu 19.6 kN. Tani ni masi.

Nyuzi360:
Tufikie hiyo 9.78. Kila mahali naona 9.81. Ripoti ya maabara ikitoa 9.77 mtu anaandika "hitilafu 0.4%" na kujilaumu.

Maabara_B:
9.80665 ni thamani ya kukubaliana tu, iliyowekwa mwaka 1901 ili vipimo vilingane duniani. Haikupimwa Mombasa. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na tena inazunguka, kwa hivyo g kwenye ikweta usawa wa bahari ni 9.780 na kwenye ncha ni 9.832. Mombasa iko digrii 4 kusini, usawa wa bahari: 9.78. Nairobi, kwa kuwa iko juu, inashuka kidogo tena. Ukipata 9.77 hapa Mombasa, umekaribia kweli kuliko mwenye 9.81. Ila mtihani ukisema tumia 9.81, tumia 9.81.

Sasa jaribio la pendula lenyewe, la kutafuta g kwa T = 2π√(L/g) (L ni urefu; T hapa ni kipindi, muda wa mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi, si tensheni), maana hapo ndipo alama zinapomwagika.

Kuhesabu. Unapobonyeza saa sema "sifuri", si "moja". Ukianza na moja, ukifika ishirini zimepita 19. Kipindi kinakuwa kifupi kwa asilimia 5 na g inaruka hadi 10.8. Nikiona 10.8 kwenye ripoti sihitaji kusoma zaidi.

Wapi pa kubonyeza. Chini katikati, si mwisho wa pembeni. Pembeni tufe linakaribia kusimama na jicho haliamui. Katikati linapita kwa kasi yake kubwa kabisa. Weka alama ya chokaa nyuma yake.

Mara ngapi. Uzi wa mita 1 una kipindi cha sekunde 2.009. Kidole chako kina hitilafu ya sekunde 0.2 hivi, kuanza na kusimamisha pamoja. Ukipima mizunguko 20, hitilafu ya kila mmoja ni 0.01, na kwa kuwa T imepigwa mraba, g inayumba kwa asilimia 1, yaani ±0.1. Hapo 9.78 na 9.81 hazitofautishiki, usizibishanie. Mizunguko 100 inakupa ±0.02, na hapo tofauti inaanza kuonekana.

Pembe. Fomula ni ya pembe ndogo. Ukiachia kwa digrii 10 kipindi kinarefuka kwa asilimia 0.19 na g inashuka kwa karibu 0.04. Digrii 20, g inashuka kwa 0.15. Kwa uzi wa mita 1, digrii 5 ni kuvuta kando sentimita 9 tu.

Urefu. Unapimwa mpaka katikati ya tufe, si mpaka kwenye kishikizo. Tufe la kipenyo cha sm 2.5 likipimwa mpaka juu yake, L imepungua sm 1.25, na kwa uzi wa mita moja g imeshuka kwa 0.12. Dawa ni grafu: T² kwa L, urefu tano au zaidi. Mwinamo wa mstari ni 4π²/g, kwa Mombasa 4.04 s²/m. Kosa la kishikizo halimo kwenye mwinamo, limekwenda kukaa kwenye mkato wa mhimili wima, kama 0.05 s². Kwa hivyo usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri. Ukiulazimisha, umelirudisha kosa ndani ya g.

Na zimeni feni. Najua joto. Zimeni dakika kumi tu.

BintiKisauni:
Hiyo ya mkato nimeipenda. Kwa hivyo mkato wenyewe unaonyesha nusu ya kipenyo?

Maabara_B:
Naam. Gawa mkato kwa mwinamo: 0.05 ÷ 4.04 ni sm 1.2. Pima tufe kwa vernia, ulinganishe.

Mtu_wa_Makupa:
Nimeleta mchoro, msiseme. Tuktuk kwenye raundabauti, nusu kipenyo mita 15, μ 0.6. Kitovu cha masi kiko mita 0.7 juu ya lami, na kwa ulalo kiko mita 0.35 kutoka mstari wa gurudumu la mbele na la nyuma upande wa nje. Kipi kinatangulia, kuteleza au kupinduka? Nimechora uzito, nomali, msuguano kuelekea ndani, na mv²/r kuelekea nje.

FundiKizingo:
Mshale wa nne nani anausukuma?

Mtu_wa_Makupa:
Mzunguko wenyewe.

FundiKizingo:
Mzunguko hauna mikono. Futa. mv²/r ni upande wa pili wa mlingano, ndiyo ile ma. Kani iliyopo ni msuguano, unaelekea katikati, nao ndio unaoipindisha njia ya tuktuk. Kuteleza: μmg = mv²/r, masi inajifuta, v = √(0.6 × 9.78 × 15) = 9.4 m/s, karibu 34 km kwa saa. Kupinduka fanya mwenyewe.

Mtu_wa_Makupa:
Nimechukua momenti (kani mara umbali wake kutoka kwenye nukta) kwenye gurudumu la nje. Nomali na msuguano zote zinapita hapo, zinatoka sifuri. Unabaki uzito peke yake, nao unairudisha chini. Kwa hivyo haipinduki kamwe?

Kapi_na_Roda:
Hapa pana mtego mzuri. Ile kanuni ya "chagua nukta yoyote, jumla ya momenti ni sifuri" ni ya kitu kisichoharakisha. Tuktuk inaharakisha kuelekea katikati. Kwa kitu kinachoharakisha bila kubiringika, nukta salama ni kitovu cha masi. Rudia hapo: uzito unapita kwenye nukta, unatoweka. Wakati gurudumu la ndani linaanza kunyanyuka nomali yote iko upande wa nje, na momenti yake ni N × 0.35. Msuguano uko mita 0.7 chini ya kitovu, momenti yake ni f × 0.7, upande wa kinyume. N ni mg, f ni mv²/r.

Na umefanya vyema kupima 0.35 kutoka ule mstari wa gurudumu la mbele na la nyuma. Wengi huchukua nusu ya upana wa ekseli ya nyuma. Gari la magurudumu matatu halipindukii hapo, linapindukia mstari unaokwenda mshazari, na siku zote ni karibu zaidi na kitovu.

Nyuzi360:
Wakati anapiga hesabu, swali la haraka. Feri ya kupakia magari: tuchukulie eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 600. Ikipokea magari 30 ya tani 1.5 na watu 1,000 wa wastani wa kilo 65, inazama kiasi gani zaidi? Na bamvua inabadilisha chochote?

Mwanamaji_wa_Shimanzi:
45 + 65 ni tani 110. Maji ya bahari kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. 110,000 ÷ (1,025 × 600) = 0.179, sm 18. g iko pande zote mbili, imejifuta, kwa hivyo hapo ubishi wa 9.78 hauna kazi. Maji kujaa na kupwa hakubadilishi kina cha kuzama, maana feri inapanda na kushuka nayo. Kinachobadilika ni mahali lango linapogusa mteremko wa gati.

Mtu_wa_Makupa:
Nimemaliza. mg × 0.35 = (mv²/r) × 0.7, v² = 0.5 × 9.78 × 15 = 73.4. Inapinduka kwa 30.8 m/s, inateleza kwa 34. Kupinduka kunatangulia.

FundiKizingo:
Mpangilio ni sawa, vizio si sawa. Mzizi wa 73.4 ni 8.6 m/s. 30.8 ni km kwa saa. Kwa 30.8 m/s hiyo tuktuk inakwenda kilomita 111 kwa saa ndani ya raundabauti. Sasa lirudie na lami iliyolowa, μ 0.3.

Mtu_wa_Makupa:
6.6 m/s, kilomita 24 kwa saa. Kupinduka kumebaki 30.8, hakuna μ ndani yake. Kwenye mvua inateleza kwanza.